Mvua Waliyoichapa Kitabuni

Papa,

Kile kitabu wanataka kukichapa tena. Usiamke. Hakuna cha kuamkia.

Ninakuandikia hapa barazani kwetu, Hewa Bora, saa nane ya mchana. Mdogo amelala mapajani mwangu. Dorcas anachezea maji ya kufulia ingawa nimemkataza mara tatu, na nikimpigia kelele mara ya nne huyu mwenzake ataamka, kwa hiyo acha alowe. Kalamu ni yake, usishangae rangi ya waridi.

Kwanza habari za nyumbani, upesi. Mama ni mzima, ila ule mguu. Baba Dorcas bado yuko Kolwezi kwenye machimbo, tunamwona mara moja kwa mwezi, anakuja kulala tu. Huyu mdogo hukumjua. Alizaliwa wiki tatu baada ya kukuzika, tukampa jina lako, na amechukua paji lako la uso pamoja na hasira zako za asubuhi. Tangu azaliwe sijapata usingizi wa moja kwa moja. Juzi nilisinzia nikimenya viazi, nikashtuka kisu bado kiko mkononi. Umeondoka miezi kumi na moja, Papa, na mimi bado nikisikia geti linagongwa nasema huyo ni yeye, amesahau funguo.

Basi. Sasa jambo lenyewe.

Mwanzoni mwa kitabu, yule Profesa wa chuo aliyekitoa ameandika kwamba mchezo wako, Mugeni wa Luano, ulizaliwa "mahali ambapo mila na usasa vinagombana". Nimelisoma neno hilo mara mbili, nikatafuta kwenye picha za kichwa changu mahali hapo ni wapi. Mimi najua ulizaliwa Luano, kwenye uwanja wa ndege, siku majirani walipoiomba fanfare, bendi ile ya tarumbeta ya parokia, iende kumpokea kijana wao aliyekaa Ulaya miaka mingi. Wewe ulikuwa unapiga ngoma kubwa. Familia nzima ilivaa kikwembe, kitenge cha aina moja. Ndege ikatua, abiria wakatoka, wakaisha, kijana hayumo. Wa mwisho kabisa alitoka mwanaume mmoja mwembamba, sanduku moja, hakuna aliyekuja kumchukua. Akaiangalia fanfare, akaangalia kile kitambaa cha kumkaribisha mtu mwingine, akapita pembeni kama anayeomba radhi. Jioni ile mezani ulituambia: "Nilitamani bamuchukue ule."

Ni hilo tu. Mila na usasa hawakuwepo Luano siku hiyo.

Katika mchezo, wanamchukua. Wanamchukua kwa sababu majirani wanatazama na sufuria iko tayari jikoni. Kila mtu wa nyumba anajifanya ndiye mtoto wao, kila mtu anamwomba zawadi, naye maskini anaitikia kila jina analopewa. Na wewe, mwanaume mzima, fundi wa kuunganisha vyuma kwenye depo ya reli, unacheza Mama Lupango, mwenye nyumba. Kichwani kitambaa, kiunoni kikwembe. Mchezo wote hasemi kitu cha maana. Lete chumvi. Ongeza kuni. Nani ameacha mlango wazi. Watu walikuwa wanacheka kabla hujafungua mdomo. Halafu, mwishoni, wengine wote wamekwenda kulala, mgeni anabaki peke yake amekalia sanduku lake, na Mama Lupango anaingia na sahani ya ugali imefunikwa. Anaiweka mbele yake. Anasema:

"Ulishakula? Najua hauko mutoto wangu. Wangu alikuwa na kovu pa kidole. Kula, bukari inapoa. Kesho utaniambia jina yako."

Basi, mchezo umekwisha. Niliuona mara ngapi mimi? Nilicheza Dada Mdogo tangu nina miaka kumi na nne. Kila mara, kwenye hilo neno la kovu, ule umati wa watu waliokuwa wanacheka ulinyamaza mpaka ukasikia mtu anameza mate.

Na hakuna kilichoandikwa popote. Hapo ndipo wasomi wanapotuonea huruma, kana kwamba hatukuwa na karatasi. Karatasi zilikuwepo, wewe ndiwe uliyezikataza. Ulisema: "Ukiandika utaanza kusoma, na ukisoma hautaangalia tena mutu mu macho." Kila mtu alibeba maneno yake. Mimi sikujua atakachosema Papa Sylvestre, yule fundi viatu aliyecheza Mgeni, mpaka akiseme, na hiyo ndiyo ilinifanya nimsikilize. Na mwenzetu akifa, nafasi yake haichezwi. Tunangoja siku ya kuondoa matanga, halafu tunafanya kupyana, kama ukoo unavyompa mtu jina la marehemu: mrithi anaketi mkekani, anapewa maji, anaambiwa kuanzia leo huyu ni wewe. Yule mama aliyecheza Shangazi alipofariki, tulikaa mwaka mzima bila mchezo huu. Mialiko ilikuja, ukaikataa. Uliwajibu tu: "Shangazi iko na matanga."

Tuliucheza mtaa wa Katuba, tuliucheza mtaa wa Kenya, tuliucheza kwenye malupango, nyua za watu, ambayo hata choo hayakuwa na mlango. Unakumbuka Kasenga? Papa Kambale, mfanyabiashara yule wa Butembo, alitupakia juu ya lori lake lililokuwa linakwenda kuchukua samaki. Tulifika tumekuwa wekundu kwa vumbi mpaka watoto wakatukimbia. Tukacheza pale karibu na mto Luapula, na watu hawakucheka. Hawakucheka hata kwenye chumvi. Nikaogopa, nikajua leo tumeshindwa. Wewe ulielewa upesi kuliko sisi wote: wale nao walikuwa na watu wao waliovuka mto wasirudi. Ukaipunguza sauti, ukatembea polepole, ukaacha mizaha. Tulipomaliza, mwanamke mmoja alikuja akakushika mkono, wewe bado umevaa kikwembe, akakuita Mama. Hukumsahihisha. Hakuna Profesa aliyekuwepo siku ile. Afadhali.

Yeye alikuja mara moja. Mara moja, Papa! Akatuambia nafasi yake ni Jumatano ya mwezi wa kumi na mbili, saa tisa mchana. Nani katika Lubumbashi hii anacheza chini ya mabati mwezi wa kumi na mbili saa tisa mchana? Hata mbuzi wa parokia wanajua saa hiyo waende wapi. Lakini alikuwa mtu mkubwa, na wewe uliwaheshimu watu wa shule kuliko walivyostahili, hilo nakuambia leo kwa sababu huwezi kunijibu. Akapanga mashine yake ya kurekodi pale sale, ukumbi wa parokia, akakunja mguu.

Tulikwenda vizuri mpaka karibu na mwisho. Familia imekwenda kulala, Papa Sylvestre amekalia sanduku. Mvua ikaangukia mabati. Haikuanza, iliangukia tu, kama changarawe kutoka kwenye lori. Wewe ulikuwa mlangoni na sahani yako. Ulifungua mdomo, sikusikia kitu, na nilikuwa hatua mbili kutoka kwako. Papa Sylvestre naye akakaa tu anangoja. Hapo Mama Feza, jirani yetu, akasimama kwenye mabenchi akamlilia binti yake kwa nguvu zote: "Claudine! Manguo ku kamba!" Nusu ya wanawake wakakumbuka nguo zao, wakatoka mbio wamejifunika viti vichwani. Tukangoja. Mvua ikaongeza. Ukaweka sahani chini, ukainua mkono ukawaambia waliobaki kwa ishara kwamba tutamalizia siku nyingine. Tukala ile bukari sisi wenyewe, pamoja na ndakala zake, vile visamaki vikavu, tumejikunyata kona ambayo haikuvuja.

Profesa alikuwa ameshafunga mashine. Akakupa mkono, akasema "Magnifique". Ukamwambia, nilisikia kwa masikio yangu: "Profesa, haiyaisha." Akasema ndiyo, ndiyo, huku anatafuta funguo za gari mfukoni.

Kitabu kilitoka baadaye sana. Jina lake kwenye jalada ni kubwa kama la duka la simenti. "Maandishi yamekusanywa na kuthibitishwa na." Wewe uko ndani, ukurasa wa tisa, herufi ndogo za kumsumbua hata sisimizi: "Papa Anaclet fulani, mmoja wa waigizaji." Fulani! Mtu amekula kwako siku ile kabla ya mchezo, mke wako amemnawisha mikono, wewe ni fulani.

Nilikusomea kitandani, kifua kikiwa kimeshaanza kukusumbua. Ukurasa wa mwisho ulisema hivi: Mgeni amekaa juu ya sanduku. Kelele kubwa isiyojulikana inakotoka. Sauti ya mwanamke kutoka gizani: Claudine, manguo ku kamba! Kimya kirefu. Giza.

Ulicheka, Papa. Ulicheka mpaka ukakohoa, Mama akaja na maji akanigombeza mimi. Nikakusomea na maelezo ya mwanzoni ili ucheke zaidi: kwamba Claudine ni nani? Claudine ni taifa. Kwamba nguo kwenye kamba ni historia yetu, imeanikwa, hakuna wa kuiondoa. Kwamba kile kimya ni sauti ya watu walionyimwa sauti. Kimya! Mvua ile ilikuwa inavunja mabati! Claudine mwenyewe anauza mikate ya mafuta pale kwenye kona, nilipompelekea habari alishika kiuno: "Miye njo taifa? Basi mubambie taifa ililowana, manguo yote."

Halafu ukaacha kucheka. Ukaniuliza: "Na Mama Lupango anaingia wapi?" Nikafunua ukurasa. Ulikuwa mweupe. Nikafunua mwingine, ni orodha ya vitabu vingine vya Profesa. Ukaangalia ukuta. Ukasema: "Basi bamemuacha na njaa."

Hukulizungumza tena. Wiki chache baadaye tulikupeleka hospitali, na kutoka hospitali... hayo unayajua wewe kuliko mimi.

Ulikuwa na miezi sita tu kaburini waigizaji wengine walipoucheza mjini kwa kufuata kitabu. Hatujaondoa matanga, Papa Sylvestre na wenzake bado wamefunga vitambaa vyeusi, na wao wamekwishapiga picha za matangazo. Nilisikia kwa watu. Nilikwenda na mdogo mgongoni, mlinzi akanionyesha kiti cha mwisho karibu na mlango, "sababu ya mutoto". Pazia likafunguka, Papa, nguo! Jukwaa zima ni nguo! Wameanika mashati kutoka ukuta mpaka ukuta, taa ya bluu inayapiga, feni inayapeperusha. Mwanamke amepakwa weupe mwili mzima akashuka kwa ngazi kutoka juu, hatua moja, anapumzika, hatua moja, anapumzika, akatamka maneno ya Mama Feza mara tatu kama anasoma Injili. Watu wa mbele wameshika videvu.

Na Mama Lupango? Kwa kuwa kitabu hakijampa neno, walimfanya kivuli nyuma ya shuka. Kivuli kinapita na chungu, kinarudi na chungu. Ndiyo kazi yako ya miaka ishirini ilipoishia, kivuli na chungu. Mwisho Mgeni wao akakaa juu ya sanduku, wakazima taa, wakatuwekea kimya kwa makusudi. Mdogo akalia. Bibi mmoja mwenye miwani akageuka akaniambia "chut", ninyamaze. Baadaye nje, mwanaume mmoja mwenye tai akanijia akanipongeza, alidhani kilio cha mtoto ni sehemu ya mchezo, kwamba ni wazo zuri sana, lenye uchungu. Nikamwambia ni meno. Akacheka kwa heshima, hakuniamini.

Nilirudi nyumbani kwa miguu kipande kirefu. Nilikuwa na hasira hata maziwa yaligoma kutoka.

Sasa sikiliza. Ule mchezo wao unataka kwenda Ulaya, na kitabu kichapwe upya kiende nao. Huko wakaulizwa mwenye mchezo alikuwa nani. Ndipo wakakumbuka kwamba Papa Anaclet fulani alikuwa na nyumba, na nyumba ina watu. Wakamtuma msaidizi wa Profesa, binti anaitwa Nadège, msichana mwenye adabu, simchukii. Amebeba karatasi. Karatasi inasema mimi, binti yako na mrithi wako, nathibitisha kwamba maandishi ya kitabu ni kamili, yote, kama ulivyokuwa ukiyacheza. Nikiweka sahihi, jina lako linapanda juu ya jalada. Kaumba Anaclet, herufi sawa na za Profesa, pembeni yake. Nisipoweka, kinatoka kama kilivyo.

Alikuja na mfano wa jalada. Mama akauchukua.

Unajua Mama hakukaa shule. Lakini jina lako analijua kwa umbo, alijifunza kutoka kwenye kile kitabu chako cha kazi cha reli, miaka ile alipokuwa anakuchukulia posho ya mahindi. Ndilo neno pekee analoweza kulisoma duniani. Akapitisha kidole chini yake, akalipata. Kisha akaniangalia. "Béa, weka sahihi. Ya pa kaburi inaanza kufutika." Na ni kweli, Papa, rangi ya msalaba wako imebabuka kwa masika moja tu.

Nilimwomba Nadège siku chache. Moyoni nilikuwa nimeshaweka sahihi, nakuungamia. Nilikuwa nimechoka. Nilijiambia ni sentensi mbili tatu tu zimepotea, bukari na kovu, nani atazitafuta? Jina ni jina. Mama atalisoma kila siku.

Lakini nikasema ngoja nimjaribu Profesa kwanza. Nikamfunga mdogo mgongoni, nikapanda teksi mpaka ofisini kwake. Kuna zulia. Nikamwambia: "Profesa, mwisho wa mchezo ninao. Nitakusemea, utaandika, nitaweka sahihi palepale." Akanikubalia, akasukuma kikombe chake pembeni. Nikasimama katikati ya zulia lake, nikamsemea Mama Lupango, wote, taratibu, kama wewe. Niliposema kovu alitazama chini. Papa, naapa alitazama chini. Halafu akasafisha koo:

"Ni ya kugusa moyo, mon enfant, mwanangu. Lakini huo ni mchezo mwingine. Watu wameandika tasnifu juu ya kile kimya."

Nikamwambia, Profesa, si kimya, siku ile mvua ilinyesha.

Akainuka akafunga mlango. Akarudi akakaa. Akaishusha sauti kama tunaongea habari za ugonjwa: "Hilo tunalijua weye na miye tu. Inasikika kwenye rekodi. Kuna faida gani kuliamsha sasa?"

Kumbe alijua. Mimi miaka yote nilimdharau kama mjinga, nikamcheka na Claudine pale kwenye mikate, na kumbe nilikuwa nampa heshima isiyo yake. Mjinga unaweza kumsamehe. Huyu aliisikia mvua kwenye mashine yake, akamsikia na Mama Feza, akakukumbuka ukimwambia haijaisha, halafu akaketi chini akaandika Claudine ni taifa. Kwa sababu kurudi Hewa Bora kukuuliza mwisho ni nini kungemchukua mchana mmoja, na kungemwonyesha kwamba kuna kitu hakijui. Akanisindikiza mpaka mlangoni, akamfinya mdogo shavu. Akasema nina kipaji, nisikitupe.

Nilishuka ngazi zake nikamfuta mtoto shavu.

Nilipofika nyumbani, nilimkuta Papa Sylvestre amekaa na Mama. Alikuja kusema wenzetu wameelewana: matanga yako tunayaondoa Jumamosi hii, na Mama Lupango napyana mimi. Nikamwambia mimi? Mwanamke acheze Mama Lupango? Akacheka lile cheko lake la meno matatu: "Tutajaribu ile kitu mupya." Halafu akawa mtu mzima. Akasema: "Ila maneno yake ni weye unaibeba sasa. Ukiiangusha, hakuna mwingine."

Siku tatu nilizunguka na hilo huku nafua, napika, nambembeleza huyu. Nikiweka sahihi kwamba mchezo umekamilika bila yale maneno, basi Jumamosi nitaketi mkekani nirithi nini? Nitakuwa nimekwisha kuandika kwa mkono wangu kwamba Mama Lupango hana la kusema. Na hawa wazee wenzako, mmoja miguu imevimba, mwingine haoni vizuri, watanipa maji ya kupyana nafasi ambayo nimeiapia haipo. Lakini kila nikisema basi, sisaini, namwona Mama na kidole chake.

Leo asubuhi Nadège akarudi. Mama alikuwa ameshapangusa meza kabla hajafika. Akamwekea kiti kizuri. Karatasi ikafunguliwa, kalamu ikatolewa, nzito, ya maana. Mama akasimama nyuma yangu, nikasikia anavyopumua.

Mahali pa sahihi niliandika hivi: Siku ile mvua ilinyesha, mchezo haukuisha, na Profesa aliambiwa. Nikaweka jina langu chini yake, lote, na la ukoo.

Nadège akasoma. Akasoma tena. Akaniambia kwa upole, "Mama Dorcas, hii hawataikubali." Nikamwambia sahihi waliyoomba ndiyo hiyo, sina nyingine. Alikunja karatasi. Mlangoni akageuka, akauliza kwa sauti ya chini ni nini kinafuata pale mvua ilipoukata mchezo. Nikamwambia aje Jumamosi saa tisa, aje na kiti chake. Sijui kama atakuja. Ule mfano wa jalada alitaka kutuachia, Mama akamrudishia.

Mama aliosha sufuria iliyokuwa safi. Alifagia uwanja ambao nilikuwa nimeufagia. Nikamwambia Mama, nisamehe, akaingia ndani akakaa huko mpaka nikaanza kuogopa. Nilikuwa namnyonyesha huyu hapa mkekani aliposimama mlangoni.

"Baba yako," akasema, "miaka yote ile alikuwa anafunga kikwembe sawa na mwanaume. Nilikuwa naona haya kumutazama. Simama."

Nikasimama na mtoto hivyo hivyo kwenye ziwa. Akakifungua kile nilichovaa, akakikaza upya kiunoni, akapiga fundo, akalivuta kwa nguvu mpaka nikayumba. Akanizunguka mara moja. Akasema sasa niseme yale maneno ya mwisho, hajawahi kuyasikia sawasawa kwa sababu kila mara alikuwa jikoni anapika ile bukari yenu ya mchezo. Papa, sikujua hilo. Miaka ishirini, na hakuna kati yetu aliyewahi kumwambia njoo ukae mbele.

Nikamsemea. Hakulia, unamjua. Alisema kwenye neno la kovu nisiharakishe.

Basi, nikuache. Dorcas ameshamwaga maji yote na huyu anafungua macho. Jina lako halitakuwa kwenye jalada, na Mama hatalisoma huko. Wao walikunyima mwanzo, lakini mara hii ya pili ni mimi, kwa mkono wangu, na ukikasirika nikasirikie mimi. Nimechoka lakini sijutii. Jumamosi nitaketi pale mlipokuwa mnaketi, nitakunywa maji, nitasema yote bila kupunguza neno, na nitawaangalia watu machoni. Na Dorcas nitaanza kumfundisha akiwa bado mdogo, kwa mdomo, kidogo kidogo, kama ulivyonipa mimi. Mama atakaa kiti cha mbele. Bukari ya siku hiyo ataipika mtu mwingine.

Kapumzike, Papa.

Béatrice wako